Nguzo Tisa za Mzee Nasri wa Ihanja

Wasikilizaji wapendwa, mlioko nyumbani, mlioko shambani mnapura mtama, na wewe dereva uliyeegesha gari pale Ihanja upate chai, karibuni tukae. Saa hii tunaitoa kwa watu wetu waliotutoka. Ongeza sauti kidogo. Kama una mtoto mgongoni, mshushe, mlaze kwenye mkeka, maana habari ya leo inataka utulivu.

Leo tunamkumbuka Mzee Nasri Hamdan. Nasri Hamdan wa Ihanja, wilaya ya Ikungi, hapa hapa mkoani kwetu Singida. Fundi wa mashine za kukamulia alizeti. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na sita. Kwa mliomfahamu, ni yule mzee wa tembe. Yule Mwarabu asiye na duka.

Hilo la duka ndilo lilikuwa jina lake la utani, na lina sababu. Huku kwetu Mwarabu tumezoea kumwona nyuma ya kaunta, anapima sukari. Huyu hakuwa na kaunta. Alikuwa na sanduku la spana na suruali iliyolowa mafuta ya alizeti. Watu wakaamua wenyewe kwamba ni mtu wa Omani, mali zimemwishia, anaona aibu kurudi kwao. Hakuna aliyemuuliza. Naye hakumsahihisha mtu.

Hakuwa wa Omani, wasikilizaji wangu. Nasri Hamdan alikuwa Mpalestina. Na kabla ya kushika spana, alikuwa kamanda wa wapiganaji.

Tangu afike Ihanja ilipita miaka karibu arobaini kabla ya mtu mmoja kulijua hilo. Mtu mwenyewe ni jirani yake, Dorkas. Mama wa watoto watatu, mkulima, Mkristo wa kanisa lile la barabarani. Mzee hakuwa ndugu yake wa damu, lakini alimwita babu, na kwa kuwa mzee hakuwa na ndugu mwingine anayejulikana, Dorkas ndiye tutakayemwita familia.

Mnajua desturi yetu. Maiti haitoki uani kabla ya historia ya marehemu kusomwa. Alizaliwa lini, wazazi wake akina nani, ameacha nani. Shekhe wa Ihanja ni mtu mwelewa, akasema isomwe hapo hapo nyumbani, kisha wanaume waende makaburini. Akasimama Dorkas na daftari la shule la mwanawe. Kwenye ukurasa ule kulikuwa na mistari tisa yenye namba. Minane ilikuwa na majina. Wa tisa ulikuwa mtupu.

Jina la mstari wa tisa lilipotea kwa mkono wa Dorkas mwenyewe. Na hapo ndipo penye habari yetu ya leo.

Tuanze mwanzo.

Nasri alizaliwa mwaka arobaini na tisa, ndani ya hema, kwenye kambi ya wakimbizi kule Lebanoni. Wazazi wake walikuwa wamekikimbia kijiji chao mwaka mmoja kabla. Kijiji chao hakuwahi kukiona. Hata siku moja. Alichokuwa nacho ni maneno ya mama yake. Mama alimwambia nyumba yao ilikuwa na paa la udongo, tambarare, na kwamba juu ya paa lile wanawake walikuwa wanaanika ngano na tini, na majirani walikuwa wanapandisha vyao bila kupiga hodi. Kila mtoto ana hadithi yake ya kulalia. Yake ilikuwa paa.

Alikulia kambini. Alijifunza ufundi wa mashine akiwa kijana mdogo. Kisha akaingia vitani, kwenye vita ile ambayo mpaka leo mnaisikia kwenye taarifa ya habari. Akiwa na miaka ishirini na saba alikuwa na watu tisini chini yake. Kamanda.

Wasikilizaji, sisi hapa hatujakaa kumpamba wala kumhukumu. Yeye mwenyewe alimkataza Dorkas. Alimwambia hivi, na Dorkas aliyaandika: "Mwanangu, usije ukawasomea watu kwamba nilikuwa mtu mwema tu. Niliua. Na niliowaua nao walikuwa na mama zao. Waambie hivyo hivyo."

Nitawarudisha kwenye vita hiyo baadaye. Kwa sasa mjue tu kwamba ilipomshinda aliondoka kwa meli, akapita nchi mbili, na mwaka themanini na tano akaingia Dar es Salaam na wenzake. Wenzake walikuwa na ofisi, na mikutano, na hotuba. Yeye akaaga anakwenda kununua sigara, akapanda treni ya bara. Akashuka Manyoni. Pale akasikia kuna mtu Singida mjini ana mashine ya alizeti imekufa, akadandia lori.

Lori likapita Ihanja saa nne asubuhi. Leonidas, ambaye sasa ni mzee wa kitongoji, wakati huo alikuwa utingo wa lori lile lile. Ananiambia:

"Tulikuwa tunakwenda vizuri. Ghafla yule Mwarabu anapiga bodi la lori, pa pa pa! Simama! Dereva akadhani mtu ameanguka. Kumbe jamaa anaangalia tembe. Kulikuwa na mama mmoja juu ya paa anageuza mboga yake ya mlenda. Jamaa anaangalia, machozi yanamtoka. Nikamwambia, bwana vipi, hujawahi kuona mlenda? Akashuka na begi lake. Hata hakusubiri apewe ngazi."

Yule mama wa juu ya paa alikuwa Febronia, mama mzazi wa Dorkas, Mungu amrehemu. Alishuka akamwona mgeni analia, akampa uji. Hakuuliza. Baadaye akampa na kiwanja, pembeni ya shamba lake.

Nasri akaitengeneza ile mashine ya mjini, kisha akarudi Ihanja kujenga. Hakutaka tofali. Alitaka tembe. Wasikilizaji wa siku hizi, hasa nyie watoto wa bati, tembe ni nyumba yetu ya zamani, ya paa tambarare: nguzo ardhini, boriti juu, fito, nyasi, halafu udongo mzito. Kuta zake nazo ni miti iliyokandikwa udongo. Leonidas alimsaidia kukata miti. Nguzo tisa za miti migumu isiyoliwa na mchwa. Minane minene, na mmoja mwembamba.

"Nikamwambia huu mwembamba tuutupe," anasema Leonidas. "Akasema huo acha. Halafu akazichonga zote kwa patasi, alama alama hivi. Nikajua ni alama za fundi, kila fundi ana zake. Kesho yake akazikandika kwa udongo, zikafunikwa. Na mimi nikasahau."

Shikeni hilo. Nguzo tisa. Alama za patasi. Udongo juu yake.

Miaka ikaenda. Mabati yakaja. Nyumba moja ikaezekwa, ya pili, ya kumi. Watu wakamtania: "Mwarabu gani anakaa tembe?" Alikuwa anajibu, "Mwarabu mwenye paa." Na kweli paa lake likawa mali ya kijiji. Maana mlenda hauanikwi juu ya bati. Jua linaukaanga, upepo unaumaliza. Wanawake wenye nyumba nzuri za bati wakawa wanakuja kwa Mzee Nasri na masinia yao, wanapanda ngazi, wanaanika mlenda, mtama, uwele. Bila hodi. Uani kwake hapakukosa sauti ya mwanamke kuanzia asubuhi.

"Shikamoo babu, nimeleta mlenda wangu, uniangalizie kuku."

"Marahaba. Kuku hawapandi ngazi. Anayenisumbua ni wewe, wa wiki iliyopita bado uko juu."

"Babu na wewe! Huo si wangu, ni wa Maria."

"Maria naye alisema ni wako. Basi ni wangu, nitapika jioni."

Hivyo ndivyo alivyoishi. Peke yake ndani, watu juu ya paa. Hakuoa. Akiulizwa alisema amechelewa. Na kila mwaka kabla ya mvua alikandika upya kuta zake kwa mikono yake, na ilikuwa lazima azizunguke nguzo zote, moja moja, akizisugua kwa kiganja. Watoto walimwiga wakicheka.

Kuna jambo moja lilimharibia jina. Mwaka tisini na mbili wezi wa ng'ombe walichachamaa. Wanaume wakajipanga sungusungu. Leonidas akiwa kiongozi wao, wakamwendea Nasri.

"Mwarabu, wewe unatembea kama askari. Njoo utupange, utufundishe."

"Mimi fundi mashine."

"Acha hizo. Au unaogopa?"

"Ndiyo. Naogopa."

"Sikieni jamani! Mwanaume mzima, ndevu hizo, anasema anaogopa!"

Walimcheka mwaka mzima. Kwenye pombe ya mtama wakimwona wanasema, "Mpisheni Naogopa." Leo Leonidas ananisimulia hayo akiwa ameangalia chini. Alisema: "Dada mtangazaji, wote tuliosimama pale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua tunacheza na nini."

Sasa tufike mwaka jana.

Mwezi wa tatu mvua ilikuwa kubwa. Tembe likavuja. Mzee akapanda mwenyewe kuziba, akashuka, akaanguka uani. Kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea, ulimi ukawa mzito. Akalazwa Singida mjini, akakaa huko wiki tisa.

Dorkas ndiye aliyekuwa anampelekea chakula, na mtoto wake mchanga mgongoni. Kila akirudi anaangalia tembe lile limebonyea katikati, roho inamuuma. Siku moja akasimama kwenye kikundi chao cha akina mama akasema: tumjengee babu nyumba. Akirudi akute bati. Wakapiga vigelegele.

Nyumbani, mume wake Elisha akamuuliza kitu kimoja.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nikimuuliza atakataa. Humjui babu?"

"Sasa kama atakataa, hilo si ndilo jibu lake?"

"Elisha, mvua inamnyeshea mzee wa watu kitandani, wewe unaniletea maswali!"

Elisha akanyamaza. Anasema mpaka leo anajuta kunyamaza.

Kijiji kizima kilichangia. Wengine tofali, wengine nguvu, wengine maji. Wakristo na Waislamu. Tembe likavunjwa asubuhi moja, kwa nyimbo. Miti ikagawanywa kama inavyogawanywa siku zote, maana kuni ni shida na mti mkavu hautupwi. Leonidas akachukua nguzo nne za zizi la mbuzi. Nyingine nne zikapikia wajenzi. Na ile nyembamba, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na yeye ana mtoto mgongoni, akaibeba Dorkas kichwani. Udongo ukiwa bado umeigandia.

Walifanya kwa upendo, wasikilizaji wangu. Narudia, kwa upendo. Nani kati yetu asingefanya hivyo?

Mwezi wa sita mzee akarudishwa kwa gari la kukodi, Noa. Uani watu wamejaa. Bati linang'aa mpaka unafumba macho. Dorkas amepika chai ya tangawizi tangu alfajiri, sufuria kubwa. Mzee akateremshwa, akasimama na fimbo. Akaangalia.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Hii hapa babu! Tumekujengea!"

Kicheko, vigelegele. Mzee akaangalia tena.

"Nguzo?"

"Haihitaji nguzo babu, ni tofali tupu! Hata tembo akiegemea haianguki."

Dorkas anasema mzee aliangalia uso wa mtu mmoja mmoja, taratibu, kama anayehesabu. Kisha akasema, "Asanteni. Mungu awalipe." Akakaa, akanywa chai. Akaomba na kikombe cha pili.

Na tangu siku ile, wanawake hawakuja tena na masinia. Si kwa ubaya. Hakukuwa na paa la kuanikia. Wakatandika maturubai majumbani kwao, maisha yakaendelea. Mzee akabaki kwenye kiti chake mlangoni, kutwa, juu yake bati likilia kwa joto. Siku Dorkas alipomletea uji akamwambia, "Hili bati linasema kutwa nzima, Dorkas. Lakini haliniulizi kitu."

Ndipo Dorkas akakaa chini, akamfungua mtoto mgongoni, akamuuliza. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile mtu wa Ihanja alimuuliza Nasri Hamdan: "Babu, kwenu ni wapi?"

Akamwambia. Ilichukua siku nyingi, maana ulimi ulikuwa mzito. Kambi, mama, paa. Vita. Na daraja.

Kulikuwa na daraja dogo. Kamanda Nasri aliwaweka vijana tisa walilinde. Akawaambia atawarudia kabla ya adhuhuri. Mambo yakabadilika. Aliamua kuwaondoa watu wake wengine waliobaki, themanini na mmoja, kwa njia ya nyuma. Kuwaondoa wale themanini na mmoja kulimaanisha kutokurudi darajani. Aliijua hesabu hiyo wakati anatoa amri. Hakurudi. Wote tisa walikufa, na hakuna aliyewazika kwa majina, maana mahali pale hapakufikika tena.

"Vita sikuianzisha mimi," alimwambia Dorkas. "Lakini amri ile ni yangu."

Mmoja wao alikuwa mdogo kuliko wote. Alipokuja kujiunga alisema ana miaka kumi na minane. "Nilijua anadanganya," mzee alisema. "Nilikuwa na uhaba wa watu, nikajifanya sijui." Wenzake walimwita Shomoro, kwa wembamba wake. Jina lake halisi Nasri hakulijua mpaka mama wa kijana alipokuja kulisema mbele yake, kwa sauti, mara tatu, kisha akaondoka.

Ndiyo yale majina tisa aliyoyachonga kwenye nguzo, kwa maandishi ya kwao. Mashujaa wengine hujengewa sanamu. Yeye wake walishika paa. Kila mwaka aliposugua ukuta alikuwa anawasalimia.

Na kiharusi kile, wapendwa, kilikuwa kimepita kichwani mwake kama mwizi. Kilimwachia majina manane. La Shomoro kilimwibia. Hakuwa na hofu, maana lilikuwa ukutani. Angerudi nyumbani, angeukwangua udongo, angelisoma.

Alirudi, akakuta bati.

Dorkas aliondoka pale mbio mpaka kwa Leonidas. Wakazing'oa nguzo nne zizini, mbuzi wakazurura barabarani, Leonidas hajali. Wakaziosha. Alama zikatokea. Wakampelekea mzee, akazipapasa kwa mkono mmoja mzima, akasoma: Marwan. Isam. Hatim. Fuad. Akatikisa kichwa.

"Ya Shomoro ni nyembamba," akasema. "Nilimchagulia nyembamba. Itafuteni nyembamba."

Dorkas alijua ilikoishia. Aliibeba mwenyewe. Ndiyo iliyochemsha ile chai ya tangawizi. Aliisukuma jikoni kidogo kidogo, tangu alfajiri, mpaka ikaisha.

Alikaa na neno hilo wiki tatu. Kila asubuhi akipeleka uji mzee anauliza, "Hujaipata nyembamba?" Anajibu, "Bado, babu." Anarudi nyumbani, anayaangalia mafiga yake. Elisha alijaribu njia nyingine, akamtafuta ustadhi mmoja mjini, wakaandika barua kwenda kule kambini. Hakuna jibu lililokuja mpaka leo. Dada wa mzee, waliyepoteana naye zamani, naye hakujulikana aliko. Kama Dorkas angeendelea kusema bado, bado, mzee angekufa akiwa na matumaini. Ndivyo Dorkas alivyojidanganya. Kisha asubuhi moja mzee akamwambia, "Usichoke. Wewe peke yako ndiye unayemtafuta. Hajawahi kutafutwa na mtu."

Dorkas akaweka bakuli chini, akapiga magoti.

"Babu, nimeichoma. Mimi. Siku uliyorudi. Ilipika chai yako."

Anasema alitegemea kofi. Alitegemea hata laana. Bati likawa linalia juu yao. Mtoto akatambaa, akashika fimbo ya mzee. Mwishowe mzee akasema:

"Chai ile nilikunywa vikombe viwili."

"Ndiyo, babu."

"Alipenda chai, yule. Alikuwa anatia sukari mpaka wenzake wanampokonya kopo." Akacheka. Dorkas hakuwahi kumsikia akicheka hivyo. Kisha kicheko kikageuka. Akalia kama mtoto, na Dorkas akalia naye.

Alipotulia akamwambia maneno haya, nayo Dorkas aliyaandika kwenye daftari usiku wake: "Inuka, mwanangu. Wewe umechoma mti. Hukujua. Mimi nilimtia ukutani nikamfunika udongo, na nilijua. Ningewaambieni mapema, kijiji kizima kingelishika jina lake. Watoto wangelijua. Niliona haya, nikawanyima."

Akaongeza: "Siku yangu itakapofika, soma wote tisa. Usimruke kwa kuwa huna jina. Mkimruka, ni mimi tena nimemwacha darajani."

Aliishi miezi minane mingine. Haikuwa miezi ya raha, siwezi kuwadanganya. Lakini nguzo nne zilizobaki Leonidas alizisimika mlangoni, akazitandikia fito na udongo juu. Kibaraza. Kidogo tu, kinatosha masinia manne. Na wanawake wakaanza kuja. "Shikamoo babu, nimeleta mlenda." Mzee alipofariki Jumanne asubuhi, juu ya kibaraza kulikuwa na uwele wa Maria.

Basi Jumanne ile ile mchana Dorkas akasimama na daftari. Akasoma. Alizaliwa hemani. Alikuwa kamanda. Aliua, na waliouawa walikuwa na mama zao. Wazee waliomwita Naogopa wakaangalia vidole vya miguu. Akasoma majina manane. Akafika wa tisa. Akasema:

"Wa tisa ni mdogo wao. Alikuwa mwembamba, alipenda sukari. Jina lake liliungulia jikoni kwangu. Naombeni tusimame kwa ajili yake, hivyo hivyo."

Uani pote watu wakasimama. Leonidas ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijamaliza nina deni langu mwenyewe la kusema. Mnaikumbuka kadi ya salamu iliyokuwa inafika hapa studioni kila mwaka, mwezi wa nane? "Nasri wa Ihanja anawasalimu rafiki zake tisa wa darajani. Ujumbe: nimechelewa, lakini nakuja." Mimi niliisoma kwa miaka sita. Na nilitania. Nilisema hewani, jamani hao rafiki wa darajani ni wavuvi nini, mbona hawajibu salamu? Mlicheka, nami nilicheka. Dorkas ananiambia mzee alikuwa anasikiliza, redio mapajani. Mzee Nasri, nisamehe. Na mimi sikuuliza.

Tunatoa pole kwa Dorkas na Elisha na watoto wao. Pole kwa Mzee Leonidas, kwa Shekhe na waumini, kwa akina mama wote wa Ihanja. Pole kwa dada wa marehemu, popote alipo, kama bado yu hai. Na kwa mama wa wale tisa, na mama wa wale waliokuwa upande wa pili wa daraja.

Nanyi mnaonisikiliza, kuna mtu jirani yako anakaa peke yake. Unampa uji, unamchangia bati, unamsalimia shikamoo kila siku. Leo, ukishazima redio, nenda ukae naye. Muulize kwao ni wapi. Muulize anamkumbuka nani. Usimbomolee kitu kabla hajakujibu.

Nimalizie na kadi iliyoletwa na Dorkas asubuhi hii, kwa mkono wake. Anaandika: Dorkas wa Ihanja anawasalimu vijana tisa wa darajani. Marwan. Isam. Hatim. Fuad. Zuheri. Basam. Adnan. Nabil.

Mstari wa tisa ameuacha wazi. Fundi mitambo wetu, Innocent, ananiangalia kupitia kioo, maana redio haipendi kimya. Najua. Lakini huyu amesubiri karibu miaka hamsini, na sisi tunaweza kumsubiri dakika moja.

Innocent, usiweke muziki.